Mzee Wako Amekunywa Maji Leo?

Ndugu msomaji, leo tutazungumza juu ya wazee wetu na maji ya kunywa. Utasema, "Hilo nalo ni somo? Nani hajui kwamba mtu hunywa maji?" Ni kweli kila mtu anajua. Lakini soma mpaka mwisho. Huenda ukaokoa maisha ya mama yako au baba yako.

Tuanze na mfano.

Ni mwezi wa Novemba katika kijiji kimoja cha mikoa ya kati. Mvua bado haijanyesha. Jua ni kali. Kila asubuhi watu wenye nguvu wanakwenda kutayarisha mashamba. Nyumbani anabaki bibi mwenye umri wa miaka 75. Amebaki kulinda nyumba na kuku. Asubuhi amekunywa kikombe kimoja cha chai. Mchana hasikii njaa wala kiu. Mtungi uko ndani, lakini maji yamebaki kidogo. Anayaacha kwa ajili ya wajukuu watakaorudi kutoka shule. Mambo yanakwenda hivyo siku tatu.

Siku ya nne jioni bibi hamtambui mwanawe. Anamwita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Anasema kuna watu wamekaa darini. Usiku halali. Asubuhi analala tu, akiamshwa anajibu maneno yasiyoeleweka.

Jirani mmoja anasema, "Ni uzee huo. Mwacheni apumzike." Mwingine anasema, "Amerogwa." Wa tatu ananong'ona kwamba bibi mwenyewe ni mchawi, na sasa mambo yake yamemgeukia.

Wote watatu wamekosea. Bibi huyu amekaukiwa na maji mwilini. Akihudumiwa mapema anaweza kupata nafuu, akamtambua tena mwanawe. Akiachwa, anaweza kufa.

MAJI YANAFANYA KAZI GANI MWILINI?

Sehemu kubwa ya mwili wa mtu ni maji. Chukua kijana wa kiume mwenye uzito wa kilo 60. Karibu kilo 36 kati ya hizo ni maji. Sasa chukua mzee mwenye kilo hizohizo 60. Yeye ana karibu kilo 30 za maji. Tofauti ni kilo 6, yaani lita 6. Kwa nini? Kwa sababu nyama ya misuli hushika maji mengi, na misuli ya mzee imepungua. Kwa hiyo akiba ya mzee ni ndogo. Mtungi mdogo hukauka upesi kuliko mtungi mkubwa.

Ubongo ndio unaofikiri, unaokumbuka na unaoongoza viungo vyote. Karibu robo tatu ya ubongo ni maji. Ubongo hupata chakula chake na hewa yake kwa njia ya damu. Maji yakipungua mwilini, damu nayo hupungua wingi wake. Nguvu ya damu kupanda kichwani inashuka. Pia chumvi iliyomo katika damu inakuwa haina kipimo chake sawa. Hapo ubongo hauwezi kufanya kazi vizuri. Mtu anapata kizunguzungu. Anakuwa mzito wa kufikiri. Upungufu ukizidi, anachanganyikiwa.

KWA NINI WAZEE HUKAUKIWA UPESI?

Ziko sababu za mwili na ziko sababu za maisha.

Sababu ya kwanza ni kiu. Kiu ni kama kengele. Maji yakipungua, kengele inalia na mtu anatafuta maji. Kwa mzee kengele hii hulia kwa sauti ndogo, au huchelewa kulia. Mzee anaweza kukaukiwa na bado akakwambia, "Sisikii kiu." Hasemi uongo. Kwa hiyo usingoje mzee aombe maji.

Sababu ya pili ni figo. Figo huchuja damu na kutengeneza mkojo. Figo za kijana hubana maji mwili unapokuwa na upungufu. Figo za mzee haziwezi kubana vizuri. Mzee huendelea kupoteza maji hata pale mwili unapoyahitaji.

Sababu ya tatu ni choo. Wazee wengi huogopa kwenda chooni usiku. Choo kiko mbali, njia ni giza, na miguu haina nguvu. Mzee anaona heri asinywe maji ili asiamke usiku. Wengine huona aibu kwa sababu mkojo unawatoka kabla hawajafika. Hawasemi. Wanapunguza maji kimyakimya.

Sababu ya nne ni huruma. Mahali ambapo maji huchotwa mbali, mzee anajua taabu ya kuyapata. Hapendi kuwa mzigo. Anakunywa mwisho, tena kidogo.

Sababu ya tano ni maradhi na dawa. Homa, kuharisha na kutapika humaliza maji upesi. Ugonjwa wa kisukari humfanya mtu akojoe mara nyingi. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu pia huongeza mkojo.

Sababu ya sita ni kusahau. Mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu husahau kunywa. Akisahau kunywa anakaukiwa. Akikaukiwa anasahau zaidi. Hataweza kutoka katika mzunguko huo bila kusaidiwa na mtu mwingine.

HAYA HUTOKEA HATA NCHI ZA MBALI

Usidhani tatizo hili ni letu peke yetu. Mwezi wa Agosti mwaka 2003 Ufaransa ilipatwa na joto kali. Joto lile lilileta vifo vipatavyo 15,000. Wengi wa waliokufa walikuwa wazee. Hawakukosa maji, kwani mabomba yalikuwa ndani ya nyumba zao. Lakini Agosti kule ni mwezi wa likizo, na watu wengi husafiri. Wazee waliobaki peke yao walikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Sisi hatuna likizo ya Agosti. Lakini tuna msimu wa kilimo, na tunaondoka alfajiri tukirudi jioni. Jiulize: mzee anayebaki nyumbani anaangaliwa na nani?

DALILI ZA KUKAUKIWA

Mtazame mzee wako. Je, ana dalili hizi?

1. Mdomo na ulimi ni vikavu.
2. Anachoka kuliko siku nyingine bila sababu.
3. Akisimama anapata kizunguzungu au anayumba.
4. Anakojoa mara chache sana, au tangu asubuhi hajakojoa.
5. Macho yameingia ndani.
6. Haongei kama kawaida yake, au maneno yake hayafuatani.
7. Amekaa nusu siku bila kunywa chochote.

Usitegemee dalili moja tu. Watu wengi wamezoea kufinya ngozi ili kuona kama mtu amekaukiwa. Kwa mtoto njia hiyo husaidia. Kwa mzee si ya kuaminika, maana ngozi ya mzee imelegea hata kama ana maji ya kutosha. Njia nzuri ni kujua alikunywa nini tangu asubuhi. Ukiona dalili mbili au tatu, na ukajua hajanywa, chukua hatua.

UZEE AU UGONJWA?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kuna kusahau kwa namna mbili.

Namna ya kwanza huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee anaanza kusahau majina. Kisha anapotea njia anayoijua. Huu ni ugonjwa wa ubongo. Si adhabu na si uchawi. Maji hayauponyi ugonjwa huu. Lakini mgonjwa huyu akikosa maji, hali yake huwa mbaya zaidi.

Namna ya pili huja ghafla, kwa saa au siku chache. Juzi mzee alikuwa anahadithia wajukuu. Leo hajui yuko wapi. Hali yake inabadilika: asubuhi ana nafuu, usiku anazidiwa. Pengine anaona vitu ambavyo hakuna mwingine anayeviona. Pengine anapiga kelele. Pengine analala tu, akawa kimya mno.

Namna hii ya pili ni ya haraka. Ni ishara kwamba mwili umepatwa na jambo. Inaweza kuwa ni kukosa maji. Inaweza kuwa malaria, homa ya mapafu, maambukizo ya njia ya mkojo, sukari kupanda au kushuka, au dawa alizokunywa. Mara nyingi ni mambo mawili kwa pamoja: mzee ana homa, na kwa sababu ya homa hanywi. Akicheleweshwa anaweza kufa, au akapona lakini akili isirudi yote kama zamani.

Kwa hiyo usiseme "ni uzee" kwa jambo lililoanza juzi. Uzee hauji kwa siku mbili.

Wala usiseme "ni mchawi." Katika baadhi ya sehemu za nchi yetu wazee wameuawa kwa maneno ya namna hiyo. Wengi wao walikuwa wanawake. Macho mekundu ya bibi huletwa na moshi wa jikoni aliovumilia miaka 50 akitupikia. Maneno yasiyoeleweka yanaweza kuletwa na kukosa maji au homa. Mtu wa namna hii anahitaji zahanati.

UFANYE NINI?

Kama mzee yuko macho na anameza vizuri, mketishe. Mpe kinywaji kidogo kidogo, vijiko au mafunda machache, kila dakika chache. Usimpe kikombe kizima kwa mara moja. Kama hajanywa tu, lakini haharishi wala hatapiki, mpe kinywaji anachokipenda: maji, chai, maziwa au uji mwepesi.

Kama anaharisha au anatapika, mpe dawa ya maji ya chumvichumvi. Pakiti zake hupatikana zahanati na dukani. Soma maelezo juu ya pakiti, kisha pima maji kama yalivyoandikwa. Kama huna pakiti, tengeneza mwenyewe:

Maji safi yaliyochemshwa na kupoa: lita 1.
Sukari: vijiko vya chai 6, visijae kupita ukingo.
Chumvi: nusu kijiko cha chai.

Koroga mpaka viyeyuke. Pima kwa uangalifu. Chumvi ikizidi ni hatari. Maji hayo yakipita siku moja, yamwage na utengeneze mengine.

Huku ukimpa kinywaji, tayarisha safari ya zahanati siku hiyohiyo. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla lazima apimwe, hata kama baada ya kunywa ameonekana ana nafuu. Mwambie mganga mambo manne: hali ilianza lini, amekunywa na kula nini, anatumia dawa gani, amekojoa mara ngapi. Chukua na dawa zake uende nazo.

Sasa shika neno hili. Kama mzee hajitambui, au haamki, au anapaliwa akimeza, usimmiminie maji mdomoni. Yataingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu na umpeleke hospitali mara moja. Pia kama uso umepinda upande mmoja, mkono mmoja umelegea, au maneno yamekuwa mazito ghafla, huenda ni kiharusi. Usimpe kitu mdomoni. Mkimbize hospitali.

ANYWE KIASI GANI KWA SIKU?

Chukua kikombe cha robo lita. Vikombe 4 vya namna hiyo ni lita 1.

Mzee mwanamke anywe angalau vikombe 6 na nusu kwa siku, yaani kama lita 1 na nusu na zaidi kidogo.
Mzee mwanamume anywe angalau vikombe 8 kwa siku, yaani lita 2.

Siku za jua kali, au akiwa na homa, aongezewe.

Si lazima yote yawe maji matupu. Chai inahesabiwa. Maziwa, uji mwepesi, maji ya matunda na madafu pia vinahesabiwa. Mchuzi, tikiti maji, papai, machungwa na matango huongeza maji mwilini. Pombe usiihesabu, kwa maana haiwezi kushika nafasi ya maji. Mwenye kisukari asipewe vinywaji vya sukari nyingi. Maji ndiyo mazuri kwake.

Kuna watu wachache ambao lazima waulize kwanza. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo, au miguu iliyovimba, asiongezewe maji kabla ya kuulizia zahanati. Huyo mganga ndiye atakayempangia kiasi. Wala asiache dawa zake za shinikizo la damu kwa sababu ya kusoma makala haya. Aende akaulize.

MPANGO WA NYUMBANI

Maji hayamfikii mzee kwa bahati. Yanamfikia kwa mpango. Huu ni mpango rahisi wa nyumba yoyote:

Alfajiri, kabla ya kwenda shambani: kikombe 1, akiwa ameketi nawe.
Wakati wa chai au uji: vikombe 2.
Kabla ya saa sita mchana: kikombe 1.
Wakati wa chakula cha mchana: kikombe 1.
Alasiri: kikombe 1.
Wakati wa chakula cha jioni: kikombe 1.
Mzee mwanamume aongezewe kikombe kingine alasiri.

Hesabu mwenyewe. Umepata vikombe vingapi?

Maji mengi anywe asubuhi na mchana. Usiku anywe kidogo, ili asisumbuke kuamka. Lakini mwekee ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda, na tochi au taa. Mzee akijua kwamba hatatoka nje gizani, hataogopa kunywa.

Mwekee maji yake mwenyewe mahali anapokaa mchana. Yawe katika chombo chepesi chenye kifuniko. Kikombe kiwe chepesi na chenye mkono wa kushikia, maana vidole vya wazee wengi vina maumivu. Mwambie, "Mama, haya ni yako. Ya watoto yapo mengine." Bila neno hilo atawaachia wajukuu.

Watoto nao wafundishwe. Mjukuu akirudi kutoka shule, amwamkie bibi, "Shikamoo bibi," na ampelekee kikombe kwa mikono miwili. Mzee anaweza kukataa maji anapoulizwa, lakini ni vigumu kukataa kikombe cha mjukuu.

Mzee akikataa, usimkaripie wala usimlazimishe. Mwulize kwa nini. Huenda meno yanamwuma na maji ya baridi yanamzidisha. Huenda maji yana ladha mbaya. Mtafutie njia.

Katika mwezi wa Ramadhani, mzee dhaifu au mgonjwa ashauriane na shehe na mganga. Dini imempa ruhusa ya kutofunga yule asiyeweza.

Mwisho, maji yawe salama. Maji machafu huleta kuharisha, na kuharisha humaliza maji ya mwili. Yachemshe mpaka yatokote hasa. Yahifadhi katika chombo safi kilichofunikwa. Yachote kwa kata yenye mpini mrefu, mikono isiguse maji.

NENO LA MWISHO

Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakachimba vyoo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule, sasa amepita miaka 70. Ndiye yule anayebaki nyumbani kulinda kuku. Alishika jembe ili watoto wa kijiji wasife kwa kuharisha. Leo anahitaji kikombe cha maji, na mtu wa kumkumbusha kunywa.

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Basi nasi tulinde akili za wazee hao.

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma, kunja gazeti, inuka, uchukue kikombe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni wazee wangapi wanaobaki peke yao mchana wakati wa kilimo? Ni nani anaweza kuwapitia?
2. Eleza tofauti kati ya kusahau kunakokuja polepole na kuchanganyikiwa kunakokuja ghafla.
3. Kwa nini hatupaswi kungoja mzee aseme ana kiu?
4. Ni wakati gani hatari kumpa mzee kitu cha kunywa?
5. Kazi ya nyumbani: Kwa siku moja, andika kila kikombe anachokunywa mzee wa nyumbani kwako. Jumlisha. Je, amefikia kiasi kinachotakiwa? Kama hajafikia, mmekubaliana kufanya nini kesho?